Majivu ya Chetezo cha Ruizhen

Jua lilikuwa linazama juu ya mapaa ya mji wa Quanzhou wakati Suqing alipotoa chetezo nje kuchekecha majivu. Ilikuwa kazi ya mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ya mwaka mpya, na kila nyumba mtaani ilikuwa ikiifanya.

Kilikuwa chetezo cha kale cha shaba, chenye miguu mitatu na masikio mawili. Dada yake, Ruizhen, alimletea wakati wa masika.

"Mchomee marehemu mama udi humu kila jioni," alimwambia. "Usikose hata siku moja."

Suqing hakukosa. Tangu hapo alikonda, nywele zikamtoka mafungu mafungu, na ngazi za nyumbani kwake zikawa mlima. Daktari hakuona ugonjwa.

Alitikisa chekeche. Harufu ya udongo mbichi ikampanda puani...

Katikati ya majivu palikuwa na karatasi nyekundu.

Moto wa miezi minane, na haikuungua hata ncha. Ilikuwa na jina la Suqing. Siku aliyozaliwa. Saa aliyozaliwa.

Saa ile aliijua mama tu, ambaye sasa ni marehemu. Na Ruizhen.

Alikibeba chetezo hadi kwa dada yake, kichochoro cha pili, akipumzika kila hatua kumi. Aliwakuta mezani. Shemeji yake Deshun, aliyekuwa kufani masika yale, alikuwa anamaliza bakuli la tatu la tambi.

Suqing akaweka karatasi mezani.

Ruizhen hakushtuka. "Umeiona," alinong'ona.

"Dada, umeniuza?"

"Mume wangu alikuwa anakufa, Suqing. Ningefanyaje? Wewe huna mume, huna mtoto."

"Kwa hiyo mimi si mtu?"

"Usinitazame hivyo. Sikuandika mimi." Ruizhen aliisogeza karatasi kwa kidole. "Utazame huo mwandiko."

Suqing akatazama.

Ulikuwa mwandiko wa mama.

"Alinipa chetezo hiki kabla hajafa, na karatasi imo ndani," Ruizhen alisema. "Akaniambia, likikufika zito, mpe mdogo wako hiki, akubebee."

Miezi minane Suqing alikuwa akipiga magoti mbele ya picha ya mama, akimwomba ampe afya.

Alichukua karatasi, akaacha chetezo mezani, akatoka.

Kichochoroni akaichana. Moto ulishindwa kuiunguza, lakini ilichanika kama karatasi yoyote. Miguu yake ikaanza kupata joto, kisha nguvu. Alikuwa hajafika hata kona alipomsikia Ruizhen akipiga mayowe, akimwita mumewe.

"Deshun! Deshun, amka!"

Suqing akasimama. Moyo ulimvuta arudi.

Ndipo sauti nyingine ikamjia kutoka mlango uleule... sauti ya bibi kizee, laini, ya kubembeleza.

"Suqing... rudi, mwanangu. Virudishe hivyo vipande. Dada yako anaumia."

Akaziba masikio, akakaza mwendo, machozi yakimtiririka. Kufa kwenyewe mama alishakufa, na bado alikuwa anamtetea Ruizhen.