Jembe la Mashoto

Umbea naupenda, ila hili la shoga yangu Otilia sikulitia chumvi. Binti yake Devotha, niliyemtania "Mashoto" kwa kulima kwa mkono wa kushoto, alitoweka miaka minne iliyopita akienda shambani, asubuhi aliyogombezwa na mama yake. Vijana wawili walishapotelea njia hiyohiyo; hakuna hata kiatu kilichopatikana.

Juzi Otilia alipanda mlima kwenda shambani kuchuma maboga, ukungu ukamfungia giza. Akasikia jembe likilima karibu.

"Devo, ni wewe? Twende nyumbani, mwanangu, sikugombezi tena."

Jembe likanyamaza.

Ukungu ulipoondoka aliona ngoro tatu mpya, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Hapakuwa na unyayo. Udongo, mbichi bado, wote ulikuwa umerundikwa upande mmoja, kama utupwavyo kwa mkono wa kushoto.