Kiti cha Doyle

Jua lilikuwa linazama nilipokata uzi wa mwisho. Nilikuwa nimeshona jina la mume wangu, DWIGHT, kifuani mwa ovaroli yake isiyoshika moto, kwa herufi za njano, na nilitaka kumpelekea mwenyewe kabla ya mashindano ya malori ya kuruka, kesho yake. Nikambeba binti yetu Etta kiunoni, nikavuka barabara ya changarawe kwenda kwenye banda la Bwana Verlin Stubbs.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani iliwaka taa moja tu. Chini ya taa hiyo lilisimama lori lenyewe, Kisulisuli, matairi yamenipita kimo, rangi yake ya kijani na kijivu kama mbingu ya kwetu Missouri kabla kimbunga hakijashuka.

Nilitaka kubisha hodi. Ndipo nikamsikia Bwana Verlin akinong'ona.

"Unanisikia?"

Akagonga tairi kwa kiganja.

"Niambie kama unanisikia. Tuko peke yetu hapa."

Juu, ndani ya kizimba cha mabomba ambamo dereva hufungwa mikanda, sauti ya mume wangu ikajibu. Ilikuwa sauti yake... lakini nzito, ya polepole, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nakusikia, Dogo."

Dwight ana miaka ishirini na sita. Bwana Verlin ana sabini. Katika kaunti yetu hakuna kijana atakayemwita mzee yule Dogo akabaki na meno yote. Mtu mmoja tu alimwita hivyo, kaka yake, Doyle.

Na Doyle tulishamzika.

Etta akakohoa. Bwana Verlin akageuka upesi.

"Nani hapo?"

"Ni mimi... Lorna. Nimeleta ovaroli."

"Ah, karibu, binti. Kijana wako anazoea kiti tu."

Dwight akashuka. Akaja kwangu huku akiburuta mguu wa kushoto, hatua mbili, tatu, kisha akatembea sawasawa kama kawaida yake. Akanibusu. Kinywani mwake mlinuka tumbaku ya kutafuna, ile yenye mnanaa.

Mume wangu hajawahi kutafuna tumbaku.

Niwaeleze kidogo kuhusu lori hili. Doyle Stubbs ndiye aliyeliunda, na kwa miaka sita aliruka nalo juu ya magari mabovu kuanzia Kansas hadi Tennessee, akarudi na vikombe kumi na kimoja. Alikuwa mtu mkubwa. Nyonga yake ya kushoto ilivunjwa na fahali utotoni, akawa anachechemea, tumbaku ya mnanaa shavuni siku zote. Siku moja alijaribu kulipindua lori kinyumenyume hewani, likatua juu ya kichwa chake. Bwana Verlin alilinyoosha, akalipaka rangi upya, akatafuta dereva mwingine. Hakuna aliyeona ajabu. Kwetu jina la lori halifi na mtu, anabadilishwa dereva tu.

Wa pili alikuwa Rusty Kemper. Msimu wa kwanza alishindwa kila mahali, msimu wa pili akashinda kila mahali. Msimu wa tatu akaacha kumtambua mama yake mzazi. Sasa yuko katika nyumba ya wagonjwa, anazungusha usukani ambao haupo. Wa tatu alikuwa Janelle Ott. Alichukua vikombe vitatu, halafu jioni moja alizima lori katikati ya uwanja, akashuka, akaenda zake. Hakusema sababu.

Wa nne ni Dwight wangu, aliyekuwa akiosha matairi ya lori lile na kuota siku atakayolipanda.

Dereva wa malori haya hakalii kiti cha mwingine. Mafundi humketisha juu ya mfuko mpana wa plastiki, wakamimina ndani yake maji ya dawa mbili, yakachanganyika, yakafura povu la moto likamzunguka mbavu na nyonga, kisha likaganda. Anapotoka, linabaki umbo lake. Lisipomshika barabara, kutua kumoja tu kunaweza kumvunja mbavu. Siku waliyommiminia Dwight nilikuwepo.

"Usicheke, kijana, utaharibu umbo!" Bwana Verlin alimkemea.

"Nitaachaje kucheka? Hata makalio yangu sasa yanachongewa sanamu!"

Jioni ile ya ovaroli, tulipofika nyumbani, nilimuuliza kwa nini amemwita mzee Dogo.

"Nimemwita nani?" Alinishangaa kwa dhati. Kisha akainamisha macho. "Lorna, kiti changu hakishindi. Mara nne nimekuwa wa mwisho. Bwana Verlin amenipa cha Doyle."

"Si kitakuumiza?"

"Siku za kwanza kilinibana mbavu hadi nikalia." Akatabasamu. "Sasa hakinibani tena."

Kesho yake alishinda. Watu walisimama juu ya mabenchi wakipiga mbinja, naye akaliendesha lori lile kwa matairi mawili uwanja mzima kana kwamba amezaliwa ndani yake. Mimi sikushangilia. Nilikwenda kwenye kibanda cha soseji za vijiti, kwa sababu anayezikaanga ni Janelle Ott.

"Anakalia kiti gani?" aliniuliza bila kunitazama.

"Cha Doyle."

Koleo likasimama hewani.

"Oya Janelle, soseji zinaungua!" mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

"Acha ziungue, Floyd, utakula mkaa! Kwani lini ulijua tofauti?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniinamia hadi nikasikia pumzi yake. "Kinambana?"

"Anasema hakimbani tena."

"Mtoe, Lorna. Leo hii." Akaweka koleo chini. "Kilipoacha kunibana mimi, nilikwenda dukani kununua viatu. Nikaomba namba ya mguu wa Doyle. Sikujua kwa nini. Nikavivaa."

"Na?"

"Vikanienea."

Nikausogelea ukingo wa kibanda.

"Bwana Verlin anajua?"

"Wewe unadhani mzee yule anatafuta vikombe?"

Usiku ule Dwight alilala upande wangu wa kitanda. Alipoamka alimtazama Etta muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina. Alilipata. Lakini alilitafuta.

Mimi ni mtu wa aibu. Hata dukani huona haya kuuliza bei. Lakini Jumatatu, Bwana Verlin alipokwenda mjini na Dwight kununua vipuri, nilimwacha Etta kwa jirani, nikaingia bandani. Nilipanda tairi. Nikafungua skrubu. Nikalitoa lile povu la kijivu, jepesi kuliko mtoto, nikaliburuta hadi nyuma ya banda. Upande wake wa kushoto ulikuwa na shimo refu, na mgongo wake ulikuwa umepinda kumfuata mwenye nyonga mbovu.

Nikalimwagia spiriti, ile ambayo lori hutumia badala ya petroli. Nikawasha kiberiti.

Spiriti ile huwaka bila mwali kuonekana. Niliona hewa ikicheza tu, na povu likisinyaa, likijikunja, likiinua mgongo... kama mtu anayetaka kuketi.

Harufu haikuwa ya plastiki.

Ilikuwa tumbaku. Na mnanaa. Na nywele.

"Limekwisha?"

Bwana Verlin alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia gari likirudi. Nilianza kulia, nikamwambia anisamehe, nikamwambia namtaka mume wangu tu. Nilingoja anipige. Alinishika bega taratibu.

"Usilie, binti. Tutammiminia kingine. Cha kwake mwenyewe. Njoo uone."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Walimmiminia kesho yake mchana. Nilisimama karibu kabisa, sikupepesa macho, nihakikishe hakuna kinachobadilishwa. Mfuko ulikuwa mpya. Dawa zilifunguliwa mbele yangu. Dwight wangu, mwembamba, aliyenyooka kama fito, aliketi katikati, povu likapanda likimzunguka. Safari hii hakucheka. Alifumba macho dakika kumi na tano.

Likaganda. Akatoka. Bwana Verlin akalinyanyua, akaligeuzia kwenye mwanga.

Lilikuwa pana.

Mgongo wake umepinda.

Upande wa kushoto... lile shimo.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa mwembamba vilevile, amenyooka vilevile. Nililitazama povu. Bwana Verlin aliingiza kiganja chake ndani ya lile shimo, bado lina joto, akalipapasa, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Mbona unalia, mpenzi?" Dwight aliniuliza. "Si hiki ndicho ulichotaka?"

Jioni ile ile nilimchukua Etta, nikaenda kwa mama yangu, Arkansas. Sikwenda polisi. Ningewaambia nini? Kwamba kiti kimemwenea mume wangu?

Sasa ni miezi minane. Kisulisuli halijashindwa hata mara moja. Mlangoni mwa lori bado pameandikwa Dwight.

Hunipigia simu kila Jumapili. Wiki nyingine huwa mzito wa maneno, namkatia simu. Lakini Jumapili iliyopita alikuwa yeye kabisa. Aliniuliza kama Etta ameota meno ya nyuma. Alinikumbusha jinsi nilivyomwagia juisi siku ya kwanza tulipokutana. Aliniambia, "Lorna, rudi, au uje unichukue, nakuomba," akalia kama mtoto. Nikalia naye. Nilishaanza kutafuta funguo za gari kwa mkono mmoja.

Nyuma yake nikasikia mlango ukifunguliwa, na mzee akimuuliza kwa upole anaongea na nani.

Kilio kikakatika palepale.

"Si mtu," akajibu, sauti nzito, ya polepole. "Ni mke wa Dwight tu."