Kilo Arobaini na Moja

Jua lilikuwa limeanza kuzama Bwana Kilo alipoingia kwenye uwanja wa kuuzia karavani, kitambi mbele, kalamu sikioni. Shughuli yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Achague kijumba kimoja cha magurudumu, chepesi, ambacho gari la familia litakivuta bila kulalamika, akifunge nyuma, awahi nyumbani kabla watoto hawajalala.

Huyu bwana alikuwa mpimaji kwenye mizani ya malori, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa. Jina walimpa madereva. Lori likizidi hata gunia moja, utabishana mpaka mate yakukauke, naye atakujibu neno moja: "Namba ni namba." Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Akisema kitu kina uzito fulani, hakuna aliyefungua mdomo kumpinga.

Ndiyo maana mama yake alimwamini.

Wiki mbili nyuma walikuwa mezani wanakula. Wenzake wawili wa kazini walipanga kwenda kupiga kambi ziwani na familia zao, karavani tatu zikae pamoja, na yeye alishakubali. Mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, akauliza kwa furaha kama abebe sweta lile alilokuwa ameliweka mapajani. Bwana Kilo akachomoa kalamu sikioni, akavuta karatasi, akaanza kujumlisha.

"Mama, gari letu linavuta kilo mia tisa, basi. Karavani, magodoro, maji, mtungi wa gesi... Tukikuongeza na wewe tunazidi. Ni hatari barabarani."

Uongo mtupu! Anayekaa kwenye kiti cha gari hahesabiwi kwenye mzigo unaovutwa. Hata aliyeajiriwa jana pale mizani analijua hilo. Na gari lenyewe lina viti saba, wao wako watano. Shida ilikuwa nyingine. Mwezi uliotangulia mkuu wake wa kazi alikuja kula chakula cha jioni, na bibi akajikojolea kwenye kochi, pembeni kabisa ya mgeni, kisha akamuuliza mara nne yeye ni mtoto wa nani. Bwana Kilo alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakutaka aibu ile imfuate mpaka ziwani.

Bibi aliitazama ile karatasi kwa muda.

"Lakini mimi mwepesi, mwanangu," akasema. "Juzi kliniki walinipima. Kilo arobaini na moja."

"Namba ni namba, Mama."

Bibi akainuka taratibu, akaenda chumbani kulirudisha sweta kabatini. Mke wa Bwana Kilo, ambaye kila mtu humwita Mama Pacha, alikuwa anaondoa vyombo. Alimtazama mumewe mara moja tu, na macho yale yalimchoma Bwana Kilo siku nzima ya pili yake.

Basi jioni ile akawa uwanjani. Mwenye uwanja alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa koti la mvua siku isiyo na hata wingu. Alimtembeza taratibu katikati ya karavani, akizigusa ubavuni kama mtu anavyogusa ng'ombe wake.

"Hii ina vitanda sita. Kilo mia nane na arobaini. Ile nyeupe ina vitanda vitano, mia saba na themanini."

Bwana Kilo akaigonga ile nyeupe kwa vidole. Kuta nyembamba, fremu ya alumini, matairi mapya. Akainama akakagua breki na shingo ya kuunganishia. Hakuona kasoro. Wakaingia ndani. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya magodoro yaliyofungiwa siku nyingi, na mapazia ya njano yalikuwa yamevutwa yote.

"Mko wangapi nyumbani?" mwanamke akauliza. Sauti yake ilishuka ghafla, utadhani kuna mtu kalala.

"Watano."

"Watano tu?"

"Mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa na mapacha."

"Wazazi?"

"Mama, unauza karavani au unafanya sensa ya serikali?" Bwana Kilo akacheka. Alicheka peke yake.

"Nauliza kwa sababu ukiwa na mzazi, chukua ile ya sita. Gari lako linaiweza, na bei nitakupa hii hii." Akasogea karibu. "Na humu ndani useme kweli, baba. Hii inashika maneno. Walioileta kuiuza walisema uongo humu, ukawaganda."

Njia ya kutokea ilikuwa hapo, wazi, na bila gharama. Angesema tu ninaye mama, yuko nyumbani, amezeeka. Lakini akilini aliliona kochi lililolowa. Akaona wenzake wakitazamana pembeni ya moto. Akataka maneno yaishe.

"Mama yangu alishafariki," akasema.

*Ta.*

Juu ya kitanda cha mwisho. Kisha kwenye sakafu, sauti ndogo... kisigino kitupu kikikanyaga ubao. Bwana Kilo akageuka. Hapakuwa na mtu. Pazia tu, limetulia.

Mwanamke hakushtuka. Aliweka kiganja ukutani, akasogeza mdomo mpaka ukagusa ubao, akanong'ona.

"Umesikia?"

Akamgeukia mteja wake. "Pole kwa msiba," akasema. "Ichukue." Na hapo hapo akashuka, akaanza kuondoa gogo lililozuia gurudumu.

Njiani Bwana Kilo aliwasha redio, akapandisha sauti. Gari lilikuwa linavuta, ndiyo, lakini kwenye mlima lilinung'unika. Mtu aliyeishi na uzito miaka kumi na tisa anaujua kwa makalio tu, hahitaji kuambiwa. Akatazama kwenye kioo. Pazia la mbele la karavani lilikuwa limefunuliwa kidogo, upana wa uso.

Alikuwa ameyaacha yote yamefungwa.

Mizani ya kazini kwake ilikuwa njiani, akakata kona. Malori yalikuwa yameisha, amebaki mlinzi na tochi yake. Bwana Kilo akaisogeza karavani kwenye ile mizani ndogo ya magari madogo, inayosoma hata tofauti ya kilo moja, akaichomoa kwenye gari, akaingia kibandani kusoma.

821.

Akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mia saba na themanini. Mia nane ishirini na moja. Akafuta, akapiga tena. Jibu lilikuwa lile lile, na jasho likaanza kumtoka kwapani.

Alitoka, akaingia kwenye karavani, akafungua makabati yote. Matupu. Tangi la maji, kavu. Akanyanyua magodoro moja moja mpaka la mwisho. Chini yake hapakuwa na kitu, ila lilikuwa na joto. Na ilikuwepo harufu ambayo haikuwepo kule uwanjani... ile dawa ya kuchua ya mama yake, yenye kafuri, anayojipaka magotini kabla ya kulala. Bwana Kilo akaruka nje bila kufunga mlango.

Mlinzi alikuwa anapita upande wa pili na tochi yake. Akamsikia akisimama chini ya dirisha.

"Shikamoo, Bibi."

Kisha hatua za mlinzi, na mlinzi mwenyewe akatokeza huku anatabasamu.

"Bwana Kilo, mbona umemwacha mama gizani? Angalau ungemwashia taa. Nimemsalimu, kaitikia kwa sauti ndogo, masikini."

"Ni mama gani?"

"Si huyo dirishani? Ananishangaza, kaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Tukisema alifungaje ile karavani na aliendeshaje mpaka nyumbani, tutakuwa tunatunga, kwa maana yeye mwenyewe hakumbuki. Alichokuwa anakumbuka ni kitu kimoja: amemzika mama yake kwa mdomo, kwa kuogopa kuchekwa. Alilia barabara nzima. Aliomba amkute hai, amwombe radhi, ampakie kiti cha mbele, na atakayecheka acheke.

Alimkuta hai.

Alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, blanketi magotini, macho mazima. Mama Pacha alikuwa anapasha chakula. Mapacha walipoona taa za gari walikurupuka na tochi kwenda kuiona karavani, na dada yao akawafuata.

"Umefika, mwanangu? Umepata nyepesi?"

Bwana Kilo akapiga magoti mbele yake.

"Nipeleke nikalale," bibi akasema. "Leo miguu haina nguvu kabisa. Nibebe."

Alishambeba mara nyingi. Akapitisha mkono mgongoni, mwingine chini ya magoti, akakaza kiuno, akainua. Nusura aanguke kinyumenyume. Ilikuwa kama mtu anapoinua ndoo tupu akidhani imejaa. Mikononi alikuwa na blanketi, gauni, joto la mwili, mama yake mzima akimtazama. Uzito haukuwepo.

"Mama Pacha..." akaita kwa sauti isiyo yake.

Hakungoja. Akaingia bafuni, akamsimamisha bibi juu ya ile mizani ya nyumbani, akamshika kidole kimoja tu asianguke. Akainama kusoma.

Mshale haukuwa umesogea. Ulilala kwenye sifuri.

"Si nilikwambia?" bibi akasema. "Mimi mwepesi."

"Mama, nisamehe." Sasa alikuwa analia mbele ya mkewe, aliyekuwa amefika mlangoni na kijiko mkononi, bila kujificha. "Nilidanganya. Gari lingekubeba. Siku zote lingekubeba. Niliona aibu."

"Najua."

"Umejua lini?"

Bibi akampangusa machozi kwa kiganja. Hakikuwa na uzito hata wa nzi.

"Nilikuwepo, mwanangu. Pale ulipomwambia yule mama nimeshafariki... nilikuwa nimekaa kitandani, nyuma yako."

Mama Pacha akaangusha kijiko. Na kabla hakijatulia sakafuni, sauti ya pacha mmoja ikaingia kutoka uani, nyepesi, isiyo na woga wowote.

"Baba! Bibi anasema tuzime tochi, anataka kulala!"

Ziwani hawakwenda. Asubuhi yake Bwana Kilo aliikokota karavani kuirudisha, akakuta uwanja umefungwa kwa mnyororo wenye kutu, na jirani akamwambia mwenye uwanja harudishiwi kitu, hajawahi. Basi ipo uani mpaka leo. Bibi anakula vizuri, anacheka, anawauliza wageni wao ni watoto wa nani, na Bwana Kilo hamfichi mgeni yeyote tena. Kila Jumamosi anampandisha kwenye mizani. Kila Jumamosi mshale unalala.

Na kila jioni, akirudi kazini, kabla hajaingia ndani anasimama kati ya mlango wa nyumba na mlango wa karavani, anavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

Anaitikiwa. Siku zote anaitikiwa. Ila hajawahi kuthubutu kusogea karibu asikie ni mlango upi.