Flashi ya Mwalimu wa Kwaya

Nyumbani kwa Mwalimu Evod, mtaa wa Lipangalala, Ifakara, asubuhi huanza na sauti mbili. Ya kwanza ni ya mkewe, Tekla, akipepeta mchele uani. Ya pili ni ya mwalimu mwenyewe. Anaimba besi huku akiuliza chai iko wapi.

Evod anafundisha kwaya ya parokia. Nyimbo zake anaziandika kwa kompyuta, nota kwa nota. Kompyuta ni moja tu, na nyumba nzima inaitumia. Simu ya Tekla imepasuka kioo, herufi nyingine hazishiki. Kwa hiyo anatumia kompyuta kumwandikia dada yake Yosefina, aliyeko Malinyi. Binti yao Mariana ana simu ya kitochi, isiyo na intaneti. Naye alitumia kompyuta hiyohiyo kuomba chuo.

Na chuo alikipata! Alichaguliwa kusomea uuguzi. Tangu darasa la tano alikuwa akisema, "Mimi nitakuwa nesi." Lakini lilibaki jambo moja. Wiki hiyo chuo kingemtumia namba ya uthibitisho kwa barua pepe. Alitakiwa kuijaza kwenye tovuti ya chuo kabla ya Ijumaa, saa kumi jioni. Asipoijaza, nafasi anapewa mwingine.

Jumatatu Mariana alitaka kufungua barua pepe yake. Ikakataa.

"Mama, inasema neno la siri si sahihi!"

"Umekosea herufi, andika tena."

Aliandika tena. Ikakataa tena. Mtu alikuwa ameingia na kulibadilisha. Mariana akaomba atumiwe namba ya kuirejesha kwa ujumbe wa simu, akaweka neno jipya. Akashukuru Mungu.

Jumanne asubuhi, barua pepe ikakataa tena.

Hapo Tekla akaweka ungo chini. "Siku ile unajaza fomu, nani alikaa karibu yako?"

"Devota, mama. Lakini Devota..."

"Devota naye aliomba chuo hichohicho, si ndiyo? Akakosa. Yuko kwenye orodha ya kusubiri. Wewe ukikosa, nani anaingia? Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

Mchana Devota, rafiki yake Mariana, akaja kama kawaida yake. Alikuwa ametoka Sanje kwa bibi yake, na mkononi ana ndizi.

"Shikamoo, mama."

Tekla hakuitikia. Hebu fikiria! Mtoto aliyekula kwake tangu yuko chekechea. Badala yake alisema, "Rudi nazo ndizi zako. Na neno la siri la mwanangu ulirudishe."

Devota alisimama pale mlangoni, machozi yakamlengalenga. Aliweka ndizi kizingitini, akaondoka. Mariana alilia. Kisha akafanya lile alilofikiri ni sahihi. Akakaa mbele ya kompyuta ileile, akaweka neno la siri la tatu.

Jumatano barua pepe ikakataa.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alikuja jirani yao Eveline. Eveline anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kazi yake ni kuingiza kwenye kompyuta takwimu za utafiti wa malaria kutoka Namawala. Alifuata nota za wimbo wa Jumapili, akakuta nyumba imepoa.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama Mariana. Kuna msiba?"

"Marahaba. Bora ungekuwa msiba, tungezika tukamaliza," alisema Tekla. Akamweleza yote.

Eveline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Mariana. "Neno la siri la tatu ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu, dada."

"Uliliandika kwenye karatasi?"

"Hapana."

"Devota alikuwepo?"

"Hajakanyaga hapa tangu jana mchana, alipofukuzwa."

"Basi Devota hahusiki. Mwizi amelijua neno ambalo Devota hakuliona. Uliliandika wapi?"

"Kwenye kompyuta yetu."

"Na la pili?"

"Kwenye kompyuta yetu," alisema Mariana, sauti ikishuka.

Eveline akavuta kiti. Kwanza kabisa alizima intaneti. "Kama kuna anayetupeleleza, asipokee kitu sasa." Kisha akafungua orodha ya programu zinazoamka zenyewe kila kompyuta inapowashwa. Akazipitia moja moja. "Hii ya sauti, sawa. Hii ya printa, sawa. Na hii je? Haina jina la mtengenezaji. Mwalimu, unaijua?"

Evod akatikisa kichwa.

"Iliingia tarehe kumi na mbili. Siku hiyo uliweka nini?"

"Programu ya nota," alisema Evod. "Ile ya kununua ni ghali. Mwalimu mwenzangu Fridolin, wa Malinyi, akanipa kwenye flashi, bure. Mtu wa Mungu yule!"

"Mtu wa Mungu, sikatai. Lakini flashi yake haijabatizwa. Ilikuwa na maelekezo?"

Evod akajikuna kidevu. "Ilisema nizime kinga ya virusi kwanza, ndipo niiweke."

"Ukazima?"

"Nikazima."

"Mwalimu! Mgeni akikuambia umfunge mbwa ndipo aingie ndani, utamkaribisha?"

Eveline akaifuata programu ile mpaka kwenye folda iliyofichwa. Ndani kulikuwa na faili moja la maandishi. Hakulifungua kwanza. Alimwambia Mariana aandike sentensi yoyote mahali pengine. Mariana akaandika: "Mvua ikinyesha Malinyi barabara inakatika." Ndipo Eveline akalifungua lile faili.

Mwishoni kabisa palisomeka: mvua ikinyesha malinyi barabara inakatika.

"Yesu wangu!" alisema Tekla.

"Hii wataalamu wanaiita kilogga," alisema Eveline. "Inanakili kila kitufe unachobonyeza, kisha inampelekea aliyeitengeneza, naye huteka barua pepe za watu ili atapeli kwa majina yao. Ndiyo maana kubadilisha neno la siri hapahapa hakukusaidia. Ulikuwa unampa mwizi jipya kila siku."

Wakapanda juu kwenye faili. Yote yalikuwamo. Maneno matatu ya siri ya Mariana. Maneno ya wimbo wa Jumapili. Na katikati, maneno ambayo Tekla alimwandikia dada yake Jumanne: "Yosefina, yule Devota ni mwizi. Nimemfukuza kama mbwa."

Hakuna aliyeyasoma kwa sauti, wala hakuna aliyehitaji. Tekla alifunika uso kwa khanga. Aliona aibu, na ilimuuma kweli.

"Sasa tunafanyaje?" Evod aliuliza. "Niifute hiyo programu?"

"Kufuta moja hakutoshi, huenda imeacha wenzake. Tutahifadhi nyimbo zako peke yake, bila programu yoyote. Kisha tutafuta kompyuta nzima na kupiga Windows upya. Kinga tutaiwasha, na haizimwi tena. Programu ya nota ipo ya bure na halali, tutaipakua kwa watengenezaji wenyewe. Maneno ya siri yote yaliyoandikwa hapa yanabadilishwa, lakini kwa kifaa kingine kilicho salama. Mariana, anza sasa. Shika simu yangu."

Kwa simu ya Eveline, Mariana aliikomboa barua pepe yake kwa mara ya tatu. Safari hii aliongeza kufuli la pili. Anayetaka kuingia kutoka kifaa kigeni lazima ajaze namba inayotumwa kwenye kitochi chake. Hata mwizi akijua neno la siri, atabaki nje.

Alhamisi barua pepe ilifunguka. Saa nne, barua ya chuo ikaingia. Mariana akaijaza ile namba, bado kwa simu ya Eveline. "Uthibitisho umepokelewa." Alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Evod naye alikuwa kwenye simu tangu asubuhi. Alimpigia Fridolin. Alipiga Sanje, alipiga Mahenge, kwa kila mwalimu wa kwaya aliyeipata flashi ile. Kwa mtu mkaidi kama yeye haikuwa rahisi, lakini alisema wazi, "Nilikosea. Angalieni kompyuta zenu."

Tekla alikwenda kwa kina Devota peke yake, kwa miguu.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema akiwa bado mlangoni. "Nilikuhukumu bila kujua. Nisamehe."

"Niliumia sana, mama," alisema Devota. Kisha akaongeza, "Ndizi mlikula?"

"Tungezimezaje? Zipo. Twende tukapike."

Jumamosi kompyuta ilikuwa safi. Baada ya chakula, wasichana wakiosha vyombo uani, Tekla alikaa mbele yake. Akabonyeza polepole, kwa kidole kimoja:

"Yosefina, futa yale niliyokuandikia. Devota si mwizi. Mwizi tulimwingiza wenyewe, na mbwa tukamfunga. Waambie na wote uliowasimulia."

Akatuma. Safari hii yalifika kwa Yosefina peke yake.