Pua ya Jiji na Ufagio wa Tusekile

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe 14 Septemba 2088, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, na taa ilikuwa ya kijani.

Taa hiyo ndiyo kitu cha kwanza alichokiona mgeni akiingia jiji la Itendele. Kila mtaa ulikuwa na nguzo ya mita nane, na juu ya nguzo mashine yenye ukubwa wa sufuria ya pilau, matundu mawili mbele. Watu waliiita Pua. Usiku na mchana Pua ilivuta hewa, ikaipitisha kwenye mwanga mwembamba, ikapiga picha kila punje iliyokuwamo, hata iliyo ndogo kuliko unga, na kuitambua: hii chavua ya nyasi, hii ya mahindi, hii ya mnywamoshi. Halafu ikahesabu, ikawasha taa. Kijani, pumua. Njano, meza kidonge. Nyekundu, funga madirisha, vaa barakoa, kaa ndani. Ilikuwa mashine nzuri, tusiionee. Haikuwahi kusema uongo hata siku moja.

Minywamoshi ilikuja kabla ya Pua. Ni miti iliyotengenezwa maabara, mirefu, yenye magome meupe, inayonywa moshi wa viwanda kama ng'ombe anavyokunywa maji. Ambakisye Mwakibete, mwashi wa kujenga misingi, alichimba kwa mikono yake mashimo mia nne ya miti hiyo ujana wake, na kweli moshi uliisha. Watoto wa Itendele waliiona milima kwa mara ya kwanza. Ila mnywamoshi una dume na jike. Jike huzaa matunda laini yanayodondoka njiani. Wakubwa wa Mamlaka ya Hewa hawakutaka matunda yachafue lami na viatu vyao, wakaamuru yapandwe madume matupu. Dume halizai tunda. Dume linatoa chavua tu, na kila Septemba, kabla ya mvua, jiji zima liligeuka rangi ya manjano, kama mtu amepita akinyunyiza bizari.

Hapo ndipo mzio ulipopata makao. Mwili una walinzi wake. Kwa watu wengi walinzi hao wametulia. Kwa wengine wanakurupuka: wanaiona chavua, wanadhani ni mwizi, wanapiga filimbi na kufunga milango yote. Macho yanawasha, pua inachuruzika. Na kwa wenye pumu, mlango mmojawapo unaofungwa ni wa kifua.

Tusekile, mke wa Ambakisye, alikuwa na kifua hicho.

Asubuhi ile alisimama uwanjani na ufagio wake wa chelewa mkononi, hajafagia bado. Mwanamke wa kule anafagia uwanja kabla jua halijachomoza. Ukikuta uwanja haujafagiwa saa moja, unauliza nani anaumwa.

"Mwe, mume wangu, leo nisifagie," alisema. "Kifua kinanibana kidogo."

Ambakisye alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Aliinua kidole kuelekea nguzo. "Si kijani hiyo? Au unamsubiri Mkurugenzi wa Hewa aje akufagilie?"

Tusekile akacheka. "Akija huyo, na tumbo lile, atafika wapi akiinama?" Akainama yeye, akaanza kufagia. Kipulizio chake cha pumu kilikuwa ndani, juu ya kabati. Siku ya kijani nani anatembea na kipulizio?

Saa moja na nusu Tusekile alikuwa hayupo duniani.

Ambakisye alikwenda ofisi za Mamlaka mara kumi na moja. Mara zote alipewa jibu lile lile, limechapwa vizuri: chombo cha mtaa wake kilikuwa kizima, kipimo kilikuwa sahihi, pole sana. Aliulizwa kama alikuwa na elimu ya vyombo. Akajibu kwamba aliishia darasa la saba, lakini kuzika aliweza. Siku ya kumi na mbili hakwenda tena. Alichukua ngazi yake ya uashi, akapanda nguzo, akaivika ile taa gunia la mahindi.

Gunia lilikaa karibu miaka miwili. Katika miaka hiyo binti yake Subilaga, mpishi wa hospitali, alirudi kuishi naye. Alisema amekuja kumtunza baba. Baba hakufurahi, kwa sababu Subilaga alirithi vyote vya mama yake: kicheko, mwendo na kifua. Septemba ya kwanza alilala hospitali siku tisa, safari hii kama mgonjwa. Septemba ya pili ilipokaribia, Ambakisye alimwambia ahame, aende pwani kusikokuwa na minywamoshi.

"Nikuache na gunia lako?" Subilaga akamjibu. "Siendi, baba."

Mwanzoni mwa Septemba 2090 alikuja mtu wa Mamlaka. Ambakisye alimtarajia askari. Akamwona mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ana begi la vyuma begani.

"Shikamoo, mzee wangu. Naitwa Mwanakombo, mhandisi wa vyombo. Nimetumwa kuondoa gunia."

"Marahaba. Liondoe, nitalirudisha kesho. Magunia ninayo."

Mwanakombo hakugomba. Alilitazama gunia, akamtazama mzee. "Kwa nini ulilivika?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mara kumi na moja, na hakuna. Ambakisye akamsimulia ile Jumanne: kifua, taa, ufagio. Sehemu moja tu aliiruka, ile ya maneno yake mwenyewe mlangoni.

Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu cha ajabu. "Alikuwa ameshaanza kufagia?"

"Kamaliza nusu ya uwanja."

"Naomba nije kesho alfajiri. Usifagie mpaka nifike."

Alifika saa kumi na moja na nusu. Kutoka kwenye begi alitoa kichombo kidogo kama kikombe cha chai, chenye matundu mawili na kitaa chake. Alikiita Kipua. Kazi yake ni ile ile ya Pua, ila kinashikika mkononi. Gunia lilikuwa limeshushwa. Juu kule taa ilikuwa ya kijani. Mwanakombo akachuchumaa, akaweka Kipua usawa wa kiuno, pale unapofika uso wa mtu aliyeinama. Kijani pia.

"Haya, fagia kama alivyofagia mama."

Ambakisye alichukua ufagio. Akafagia mara moja, mbili. Mara ya tatu Kipua kikawaka nyekundu, kikalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Ambakisye akaangalia juu. Pua ya jiji, ile yenye umbo la sufuria, ilikuwa imetulia na kijani chake.

"Usiku hewa inapoa, inashuka," Mwanakombo alisema taratibu. "Chavua nayo inashuka. Alfajiri huko juu kuna hewa safi kabisa, Pua inasema kweli. Lakini yote iko chini hapa, imelala kama unga. Anayefagia ufagio mkavu anaiinua, na yeye ameinama. Inaingia yote kifuani kwake, kabla haijafika hata kwenye dirisha."

Ambakisye akakaa kwenye kizingiti. Ufagio ukaanguka.

"Basi ni mimi," alisema. "Alitaka kuacha. Mimi ndiye niliyemwonyesha taa. Nikamtania, akafagia."

Subilaga alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni, kitambaa puani. Miaka miwili alikuwa hajalisikia hilo.

"Ulimtania nini?" Subilaga akauliza.

"Kwamba anamsubiri Mkurugenzi aje amfagilie."

"Akacheka?"

"Alicheka. Akasema tumbo halitamruhusu kuinama."

Subilaga alikaa kizingitini karibu na baba yake, bega kwa bega. Alilia, na katikati ya kilio kicheko kikamtoka puani, cha mama yake kabisa. "Miaka miwili, baba, unabeba hilo peke yako? Ulimwambia ulichoambiwa na taa."

Mwanakombo alizima Kipua, akajifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Kabla ya kufagia, uwanja unamwagiwa maji, na anayefagia ni Ambakisye, maana kifua chake ni cha chuma. Majirani walimcheka: mwanamume mzima, alfajiri, na ndoo na ufagio! Akawaambia waje wampokee zamu. Nguo hazianikwi nje msimu mzima. Subilaga akitoka kazini anaoga na kuosha nywele kabla ya kugusa mto. Daktari alimwanzishia dawa yake ya kila siku, asisubiri kubanwa, na kipulizio kikahama kabatini kikaingia mfukoni, taa iwe ya rangi yoyote. Kile Kipua Mwanakombo alikiacha. Alisema ni cha zamani, hakuna atakayekiulizia.

Septemba ikapita. Oktoba ikapita. Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 9 Novemba, ikaosha manjano yote mtaroni, na Subilaga alikuwa jikoni anaimba. Hakulala hospitali hata usiku mmoja. Ambakisye alisimama mvuani bila kofia, akasema kwa sauti, "Ndaga fijo, ndaga fijo," asante sana kwa lugha ya kwao, na hakujua anamwambia nani kwanza: Mungu, mhandisi, au Tusekile aliyemwachia binti huyu.

Akataka kumwambia mhandisi uso kwa uso. Ofisini wakamwambia amehamishwa. Mwanakombo alikuwa ameandika ripoti akiomba Pua zote zishushwe hadi usawa wa kiuno, na kila nyumba yenye mwenye pumu ipewe Kipua. Wakubwa walipiga hesabu. Zikishushwa, taa zingekuwa nyekundu asubuhi arobaini kila mwaka, na Itendele ingepoteza jina lake la Jiji la Hewa Safi. Ripoti ikawekwa kando, mwandishi wake akapelekwa kupima vina vya mabwawa.

Januari Mamlaka iliitisha mkutano wa wananchi. Mkurugenzi alieleza kwamba siku za kijani zimeongezeka, watu wakapiga makofi. Ambakisye akanyoosha mkono. Alivaa koti lake la harusi, na Subilaga alikuwa kiti cha pembeni, kipulizio mfukoni.

"Mimi nimekuja kushukuru," alianza, na Mkurugenzi akatabasamu. "Naishukuru miti, niliichimbia mwenyewe, moshi umeisha. Naishukuru mashine, haidanganyi. Na zaidi namshukuru mhandisi Mwanakombo, andikeni jina lake hapo. Alichuchumaa uwanjani kwangu. Kwa sababu yake binti yangu huyu amekaa hapa anapumua."

Tabasamu lilipungua kidogo. Ambakisye alinyoosha kiganja usawa wa kiuno chake, akakiacha hapo.

"Mke wangu alipumulia hapa. Binti yangu anapumulia hapa. Mtoto anayetambaa yuko chini zaidi."

Mkurugenzi alisema swali, kama ni swali, litajibiwa kwa maandishi. Karani akashika kalamu na karatasi, Ambakisye akamtamkia swali lake. Mpaka leo, Pua zote za Itendele zikiwa bado juu ya nguzo zake, karatasi ile ina mstari mmoja tu, na chini yake, palipoachwa kwa ajili ya jibu, ni peupe:

"Huko juu, mita nane, mnakopima hewa yetu, nani anaishi?"