Magoti ya Asubuhi

"Mayige, mchumba wako ana dharau. Leo asubuhi amenisalimia amesimama."

"Mama, alisema magoti yanamuuma."

"Yanauma kwangu tu? Jana alasiri kwa shangazi yako Monika alipiga magoti, nilimwona kwa macho yangu. Huyo haolewi kwenye mji huu."

Mwingine angenuna. Mayige kwa udadisi hajambo, akatoka nje akampigia Domitila simu.

"Domi, mama humpendi?"

"Nampenda. Asubuhi mwili wote unakaza, hata vifungo vya gauni vinanishinda. Mchana unaachia. Wamenipima malaria, taifodi, hadi gauti, wanasema sina kitu. Sasa hata mimi najiona mwongo."

"Hospitali huwa unaenda saa ngapi?"

"Mchana, nikishaweza kutembea."

"Domi, unaenda kuonyesha ugonjwa ukiwa umeshajificha."

Kesho yake alimwamsha mama yake mapema, wakaenda kwa kina Domitila, hapo hapo Bariadi. Walimkuta kitandani, vidole vimevimba, gauni liko wazi mgongoni. Mama alimfunga vifungo kimoja kimoja, kisha akamshika mkono.

"Jamani, viungo vya moto hivi. Twende hospitali sasa hivi, kabla havijaachia."

Daktari aliviona, akawapa rufaa ya Mwanza kwa bingwa wa viungo. Majibu ya huko yalichukua wiki kadhaa. Siku ya majibu mama alibaki nyumbani na simu mapajani mpaka ujumbe wa Mayige ulipoingia:

"Ni baridi yabisi. Kwenye damu haikuonekana, daktari anasema kwa wengine huwa hivyo. Haiponi kabisa, ila dawa zinaituliza. Domi analia."

Mama akapiga.

"Mpe simu. Domitila, unalia nini, mwanangu?"

"Nimefurahi, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kumbe sikuwa nadanganya."

"Hukudanganya. Mimi ndiye niliyekusema vibaya, nisamehe."

Kwenye kikao cha kupanga harusi, padri alipotaka ndoa ifungwe asubuhi, mama huyo huyo aliinuka kwenye kiti.

"Padri, iwe saa tisa mchana. Asubuhi viungo vya mkwe wangu vinakuwa havijaamka."

Ikawa saa tisa. Nje ya kanisa, Domitila alishika shela, akaanza kukunja magoti kumsalimia mama.

"Mwadila, mayu."

Mama alimdaka kiwiko.

"Mwadila, mwanangu. Nisalimie umesimama."