Joto la Simu Iliyokufa

Saa saba mchana.

Mughwai alifunga mlango wa chumba cha nyuma cha duka la simu kwa kisigino. Akaweka bastola juu ya meza ya Scola, katikati ya simu zilizofumuliwa.

"Mnunuzi wa dhahabu anatoka machimboni leo. Gari moja, mlinzi mmoja. Tunamkatia njia kijijini Ihanja. Leonard anaziba njia, mlinzi ni wangu. Scola anabeba mzigo. Simu zote zizimwe, zitiwe kwenye begi."

Leonard, dereva wao, akarusha yake mezani. "Hii imekufa tangu jana. Haiwaki."

Mughwai akamgeukia Scola, fundi simu ambaye yeye mwenyewe alimwingiza kwenye genge miezi michache nyuma. "Ikizimwa, imezimika kweli? Isije ikatuchoma kwa polisi."

"Ndani kuna IC ya pawa, kaka. Hiyo ndiyo inayogawa umeme wa betri. Ubongo wa simu unapewa wake, kioo wake, mtandao wake, kila kimoja kwa kipimo chake. Ukizima, inavikatia vyote. Inabaki inalisha saa tu, umeme kiduchu. Simu inapoa kama jiwe."

"Sawa. Twende."

Saa tisa na nusu.

Kabla hawajafika Ihanja, Mughwai alimgusa Leonard bega kwa mtutu. "Simama. Tunamkatia hapa."

"Si ulisema Ihanja?"

"Nilisema. Sasa nasema hapa."

Leonard alisimamisha gari. Scola aliona vidole vyake vikiganda kwenye usukani, akadhani ni woga wa kazi.

Gari la mnunuzi likatokea. Leonard akaziba barabara. Breki zililia. Mlinzi alitupa bunduki chini, akanyoosha mikono juu. Mughwai alimpiga risasi ya uso hivyo hivyo, mikono ikiwa hewani. Akamtoa mnunuzi kwa kola na kumponda kwa kitako cha bastola mpaka meno yakadondoka kwenye lami. Scola alinyakua kisanduku cha dhahabu. Viatu vyake viliteleza kwenye damu.

"Kata porini!" Mughwai alibweka.

Gari lilichepuka njia ya ng'ombe, katikati ya mashamba ya alizeti. Scola alikaa nyuma, kisanduku miguuni, begi la simu mapajani. Ndipo alipohisi joto.

Aliingiza mkono. Yake, baridi. Ya Mughwai, baridi. Ya Leonard, ile iliyokufa, ilikuwa ya moto kama chapati.

Alielewa papo hapo. Kioo tu ndicho kilichokatiwa. Ndani, IC ilikuwa inagawa umeme kama kawaida, na mtandao ulikuwa unaunywa bila kupumzika. Simu ilikuwa hewani tangu dukani. Kuna polisi wanasikiliza. Wako Ihanja, wanasubiri.

Akainua macho. Leonard alikuwa anamtazama kwenye kioo cha ndani. Macho yalimwomba.

Scola alimjua Joshua, mdogo wake Leonard. Alipigwa risasi kwenye kazi ya Manyoni, na Mughwai akamwacha avuje damu kwenye mtaro ili gari liwe jepesi. Tangu siku ile Leonard hakuwahi kumtaja. Scola akafunga zipu ya begi polepole.

"Kuna nini?" Mughwai aligeuka.

"Hamna kitu, kaka."

Mughwai alilipora begi, akaingiza mkono. "Mbona hii ya moto?"

"Jua. Begi limekaa juani."

Mughwai aliangalia mapaja ya Scola. Kivuli kitupu. Akacheka kidogo, kisha akamfyatulia Leonard risasi shingoni.

Gari lilipiga jiwe, likapinduka, likaanza kufuka moshi.

Scola alitambaa kupitia dirishani, mkono wa kushoto umevunjika. Leonard alikuwa ametupwa kwenye alizeti, macho wazi. Mughwai alikuwa chini ya gari, kiunoni kwenda chini hakuonekani. Bastola bado alikuwa nayo.

"Nitoe, Scola. Dhahabu yote yako."

Kwenye majani, simu ya Leonard iliyorushwa kutoka begini ilisema, "Leonard? Ihanja hakuna mtu. Mko wapi?"

Scola aliiokota.

"Leonard amekufa," alisema. "Mimi Scola. Tuko kwenye alizeti, upande wa kulia kabla ya Ihanja. Mtaona moshi."

Risasi ilimchana paja. Akaanguka. Ya pili ikapasua jiwe. Ya tatu haikutoka. Mughwai alibofya, akabofya, akamtukania mama yake kwa Kinyaturu. Scola alijiburuta hadi kwa Leonard, akamfumba macho, huku akiendelea kuwaelekeza kwa sauti iliyokuwa ikififia.

Polisi walipofika walimfunga pingu mkono mmoja, ule mzima. Askari alichuchumaa mbele yake.

"Huyu marehemu ni nani wako?"

"Si ndugu yangu," alisema Scola. "Nilitaka tu afike kwenu salama."